ATOMI HUSHIKANAJE? Chumvi, Maji na Jiko la Mkaa



Mwaka huu tulikusudia kuandika makala ya kemia ya kuwasaidia wanafunzi wetu wa sekondari, ambao hutujia jioni baada ya darsa wakilalamika kwamba somo la miungano ya atomi haliwaingii kichwani. Tulikuwa tumeshaandika kurasa mbili za mwanzo, likatokea jambo katika mvua za masika lililotufanya tuzichane na kuanza upya.

Familia moja ya madrasa yetu ilikuwa na mtoto mchanga mwenye mafua. Usiku wa mvua, mama aliingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto, akafunga dirisha na mlango. Pembeni ya jiko akaweka sufuria ya maji, kwani aliwahi kuambiwa na wakubwa zake kwamba maji huvuta ubaya wa mkaa. Baba, ambaye alikuwa zamu ya usiku kazini, alirudi nyumbani baada ya sala ya alfajiri akawakuta mama na watoto wawili hawaamki kwa kuitwa. Alhamdulillah, walifikishwa hospitali mapema na wote wakapona. Wametupa ruhusa ya kulisimulia jambo hili bila ya majina.

Siku chache baadaye kijana wao mkubwa, aliyekuwa amelala kwa bibi yake usiku ule, alitusimamisha baada ya darsa akatuuliza maswali mawili. La kwanza: "Maalim, shule tumefundishwa kwamba hewa tunayoitoa puani ni kaboni na oksijeni. Na hiyo hewa ya jiko pia ni kaboni na oksijeni. Vipi moja tunaitoa sisi wenyewe kila dakika, na nyingine inaua?" La pili: "Na yale maji ya kwenye sufuria, mbona hayakusaidia?"

Tulijaribu kumjibu pale pale kwa maneno mawili matatu tukashindwa, maana kila neno lilidai jingine la kulieleza. Makala haya ni jibu lake. Wenzake waliokwama katika somo hilo hilo nao watafaidika, in shaa Allah, kwani njia ya kufikia jibu inapita katikati ya mada yenyewe.

Elektroni za nje

Kila atomi ina kiini katikati na elektroni zilizokaa kukizunguka kwa matabaka. Zile za tabaka la nje ndizo zinazofanya biashara na majirani. Kwa atomi nyingi tunazokutana nazo shuleni, tabaka la nje hutulia likiwa na elektroni 8, na hidrojeni hutosheka na 2. Tukisema hapa kwamba atomi "inataka" au "inatosheka", ni lugha ya kufundishia tu. Atomi haina moyo. Maana yake ni kwamba mpangilio huo una nishati ndogo zaidi, na vitu huelekea huko kama maji yanavyoelekea bondeni.

Njia ya kwanza ya kutulia ni kupeana. Sodiamu ina elektroni 1 tabaka la nje, klorini ina 7. Sodiamu ikitoa ile moja na klorini ikaipokea, zote mbili zimetulia, lakini sasa sodiamu imebaki na chaji chanya na klorini imepata chaji hasi. Tunaziita ioni, na chanya na hasi huvutana. Sodiamu ni metali inayolipuka ikitiwa majini. Klorini ni gesi ya sumu, iliyotumiwa kuwaua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Zikishikana kwa namna hii huwa ni chumvi tunayotia kwenye mchuzi. Mwenye kuwahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Pemba au upande wa Malindi, na akaichukua chembe moja nene mkononi, ataona ina pembe za mraba. Pembe zile ni safu za ioni, chanya na hasi kwa kupokezana, mbele, nyuma, juu na chini. Kwa hiyo katika chembe ya chumvi hakuna molekuli. Wanafunzi wengi huandika "molekuli ya chumvi" kwenye mtihani na kupoteza alama ambayo walikuwa nayo mkononi.

Njia ya pili ni kushirikiana. Mwaka 1916 mwanakemia wa Marekani, Gilbert Lewis, alieleza kwamba atomi mbili zinaweza kushikana kwa kumiliki kwa pamoja jozi moja ya elektroni, kila moja ikaihesabu kuwa yake. Yeye ndiye aliyetuachia desturi ya kuziandika elektroni kwa vitone. Jozi moja ikishirikiwa, huwa ni bondi moja. Mbili, bondi pacha. Tatu, bondi ya mara tatu.

Sasa shika penseli. Oksijeni ina elektroni 6 za nje. Katika maji inashirikiana na hidrojeni mbili, yaani inatumia elektroni 2 kati ya zile 6. Zimebaki 4, ambazo ni jozi mbili zisizoshirikiwa na mtu. Tutaziita jozi pweke. Mwanafunzi akishachora bondi huona kazi imekwisha, na jozi pweke haziandiki. Tunaomba mtuvumilie hapa, maana maswali yote mawili ya kijana wetu yanajibiwa na jozi hizi.

Baluni nne

Chukueni baluni, zipulizeni zilingane, kisha zifungeni pamoja kwenye shingo zao. Mbili zitakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Tatu zitajipanga kama pembe tatu iliyolala mezani. Nne hazitakaa bapa hata mkizilazimisha. Tatu zitakuwa kama miguu ya kigoda na ya nne itasimama juu, na pembe baina ya kila mbili ni nyuzi 109.5. Hakuna aliyezipanga. Kila moja inatafuta nafasi mbali na wenzake, basi.

Jozi za elektroni zinafanya hivyo hivyo, kwa sababu zote ni hasi na hasi husukumana. Waliotuandikia kanuni hii kwa namna inayofundishwa madarasani ni Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, mwaka 1957. Kanuni yenyewe ni nyepesi: hesabu makundi ya elektroni yanayoizunguka atomi ya katikati, yenye bondi na yasiyo na bondi, kisha uyaache yakimbiane.

Gesi ya methani, ambayo wafugaji huivuna kwenye mtambo wa samadi kwa kupikia, ina kaboni katikati na hidrojeni nne. Makundi manne, hakuna jozi pweke, nyuzi 109.5 barabara. Amonia, ile yenye harufu kali ya vyoo visivyooshwa, ina naitrojeni na hidrojeni tatu. Makundi ni manne vile vile, ila moja ni jozi pweke. Jozi pweke haina atomi ya upande wa pili wa kuivuta, kwa hiyo hutanuka karibu na kiini na kuwasukuma wenzake zaidi. Pembe inashuka hadi kama nyuzi 107, na umbo linakuwa kigoda chenye miguu mitatu. Maji yana jozi pweke mbili, na pembe inashuka hadi 104.5.

Maji basi yamepinda! Mkono wetu huandika H-O-H kwa mstari kwa sababu daftari lina mistari, lakini maji hayajui mistari ya daftari.

Sasa tazama hewa tunayoitoa puani, kabonidioksidi. Nayo ina atomi tatu. Kaboni ina elektroni 4 za nje, ikatumia 2 kwa oksijeni ya kulia na 2 kwa ya kushoto, zikawa bondi pacha mbili. Haikubaki hata moja. Makundi ni mawili tu, na baluni mbili hukaa mstari mmoja, kwa hiyo molekuli imenyooka, nyuzi 180. Atomi tatu hapa, atomi tatu pale, lakini moja imepinda na nyingine imenyooka, na sababu ni jozi pweke za atomi ya katikati.

Huenda mtu akauliza, haya yote nani ameyaona? Swali hili ni la zamani. Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff, Mholanzi wa miaka 22, aliandika kwamba kaboni huielekeza mikono yake minne kwenye pembe za umbo lile la baluni nne. Miaka mitatu baadaye mkemia mkubwa wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimshambulia hadharani. Kwa kuwa kijana yule alikuwa amepata kazi katika chuo cha utabibu wa wanyama, Kolbe alimkejeli kwamba ameazima farasi wa chuo akidhani ana mbawa za kurukia. Mwaka 1901 tuzo ya Nobel ya kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, aliyepewa ni van 't Hoff. Baadaye miale ya eksirei na mawimbi ya maikrowevu yaliwawezesha wanasayansi kuzipima pembe zenyewe, na nyuzi tulizozitaja zimepimwa, hazikukisiwa. Naye Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri mwaka 1946 na mhitimu wa Chuo Kikuu cha Alexandria, akiwa kazini California aliweza kuifuatilia bondi wakati inakatika, kwa mimweko ya leza inayopimwa kwa femtosekunde. Chukua sekunde moja uigawe vipande milioni moja, kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni moja: hiyo ndiyo femtosekunde. Alipewa Nobel ya kemia mwaka 1999, na alifariki mwaka 2016. Tunapenda vijana wetu walijue jina hilo sawasawa na wanavyoyajua majina ya wachezaji mpira.

Sufuria ya maji

Tulijibu swali la pili kwanza, kwa sababu ndilo jepesi. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu kuliko hidrojeni. Katika molekuli ya maji, upande wa oksijeni huwa hasi kidogo na upande wa hidrojeni mbili huwa chanya kidogo. Kama maji yangekuwa yamenyooka, mvuto wa kulia ungefutana na wa kushoto, kama timu mbili zenye nguvu sawa kwenye mchezo wa kuvuta kamba. Hivyo ndivyo ilivyo kabonidioksidi. Lakini maji yamepinda, mivuto haifutani, na molekuli nzima ina kichwa hasi na miguu chanya.

Kutokana na mpindo huo yanafuata mengi. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, chanya ya huyu kwa hasi ya yule. Uzito wa molekuli ya maji ni 18 na wa methani ni 16, karibu sawa, lakini methani huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, na maji tunayangojea jikoni hadi nyuzi 100. Bila mpindo ule yasingekuwapo maji ya birikani wala ya baharini, yangekuwa hewa. Barafu nayo huelea kwa sababu molekuli zilizopinda, zikishikana kwa utulivu, huacha mianya katikati yake.

Na chumvi? Ikitiwa majini, molekuli za maji huigeuzia sodiamu upande wao hasi na klorini upande wao chanya, zikaizingira kila ioni na kuing'oa kwenye safu. Lita moja ya maji humeza karibu gramu 360 za chumvi. Mafuta ya nazi hayana chanya na hasi za maana, hivyo maji hayana pa kuyashika, ndiyo maana tui likikaa mafuta hupanda juu. Sabuni ina mkia wa kushika mafuta na kichwa cha kushika maji, nayo tunaiachia makala ya mwaka mwingine.

Hewa ya jiko inaitwa kabonimonoksidi, kaboni moja na oksijeni moja. Chanya na hasi zake ni hafifu mno, karibu hakuna. Maji hayana pa kuishika, na lita nzima ya maji, hata ikiwekwa katikati ya gesi hiyo tupu, haichukui hata gramu 0.05. Sufuria ya mama yetu yule ilikuwa imekaa pembeni ya jiko bila kazi yoyote. Hatumlaumu, kwani aliambiwa na watu anaowaheshimu, nao waliambiwa na wengine. Lakini usemi huo ufe, na tunawaomba wanafunzi wetu wauue kwa adabu kila watakapousikia nyumbani.

Jozi moja ya kaboni

Limebaki swali la kwanza. Rudini kwenye vitone. Kabonidioksidi ina elektroni za nje 4 za kaboni na 12 za oksijeni mbili, jumla 16, yaani jozi 8. Nne ni bondi, nne ni pweke, na zote nne pweke zimekaa kwa oksijeni. Kaboni haina hata moja.

Kabonimonoksidi ina 4 na 6, jumla 10, yaani jozi 5. Tatu zinashirikiwa, na bondi hiyo ya mara tatu ni miongoni mwa bondi ngumu kuliko zote zinazojulikana. Zimebaki jozi mbili pweke, moja kwa oksijeni na moja kwa kaboni. Iwekeni alama hiyo ya kaboni, maana ndiyo muuaji.

Damu yetu ni nyekundu kwa hemoglobini, na kila hemoglobini imebeba atomi nne za chuma. Chuma hicho ndicho kiti ambacho oksijeni hukalia ikitoka mapafuni kwenda mwilini. Jozi pweke ya kaboni inaelekea moja kwa moja kwenye chuma, nacho huipokea. Hemoglobini huishika kabonimonoksidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Fanyeni hesabu wenyewe. Oksijeni hewani ni kama asilimia 21. Tuseme mapendeleo ni mara 210. Basi kabonimonoksidi ya asilimia 0.1 tu, sehemu moja katika elfu, inalingana kwa nguvu na oksijeni yote iliyomo chumbani. Mtu akikaa humo muda wa kutosha, karibu nusu ya viti vyake vya damu vitakuwa vimetekwa, na hata vilivyobaki huiachia oksijeni kwa shida.

Kabonidioksidi haina jozi hiyo kwenye kaboni, hivyo haikikalii chuma. Sehemu yake kubwa huyeyuka na kubadilika katika maji ya damu, ikasafiri hadi mapafuni na kutoka. Mtu asielewe kwamba haina madhara kabisa. Ikijaa kwenye kisima au shimo lenye kina humuua anayeshuka, lakini hiyo ni kwa wingi wake.

Kijana wetu aliposikia haya alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo tofauti ni vitone viwili." Ndiyo, vitone viwili.

Sasa wazazi, jiko. Mkaa ukipata hewa ya kutosha hutoa zaidi kabonidioksidi. Ukiwaka katika chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua na kabonimonoksidi huongezeka. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Anayeanza kudhurika huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na watu wakadhani ni malaria. Ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wameshikwa na hali hiyo usiku mmoja, na jiko limo ndani, msingoje asubuhi. Fungueni milango, watoeni nje, jiko nalo litoke, kisha muwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyomo katika damu yake huchukua saa 4 au 5 kutoka. Akipewa oksijeni ya hospitali huchukua saa moja na kitu.

Mtoto mwenye baridi avalishwe na alazwe karibu na mama yake. Jiko liwashwe nje na libaki nje usiku, hata likishatulia. Mama yule alitueleza kwamba aliliingiza ndani baada ya moshi kwisha na mkaa kuwa mwekundu, akiamini kwamba sasa limekuwa safi. Moshi unaouona ni masizi na mvuke. Gesi hii haionekani, na mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kuitoa mpaka utakapozimika kabisa.